Nafaka Iliyochachuka na Kuku wa Nyumbani katika Nchi ya Usukuma

"Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe." Ndivyo wasemavyo Waswahili wa pwani juu ya mtu asiye na bahati, nasi watu wa bara twayaelewa maneno hayo pasipo kufasiriwa. Walakini ukiyapima vizuri utaona ya kuwa mithali hii haisemi habari za bahati tu. Imetaja kwa utaratibu hasara zote za mfugaji: kuku asiyetaga kwa kuwa hana nguvu mwilini, mayai yasiyoanguliwa, vifaranga wafao kabla ya kuota manyoya, na hatimaye adui atokaye nje. Hasara ya mwisho ni ya mwewe. Zile za kwanza, kwa sehemu kubwa, ni za chakula.

Katika makala haya twapenda kueleza jambo moja la chakula hicho, nalo ni nafaka iliyochachuka: maana yake, asili yake katika nyumba za Wasukuma, na jinsi ya kuitumia katika majira yote ya mwaka, katika Mwanza na pwani ya Ziwa Viktoria. Twawaandikia hasa walimu, mapadre na wachungaji wakaao vijijini, kwa sababu watu hutazama yafanywayo katika nyumba zao, na banda la kuku la mwalimu hutazamwa zaidi kuliko daftari zake.

MANENO YENYEWE

Kwanza tuseme kidogo juu ya lugha. Mnyama huyu Waswahili humwita kuku, Wasukuma ngoko, Wahaya na Waganda enkoko, na Wakikuyu ngũkũ. Majina haya yafanana, tena yafanana na sauti ya mnyama mwenyewe. Lakini Wajaluo, walio upande wa mashariki wa Ziwa na ambao lugha yao si ya Kibantu, humwita gweno. Asili ya kuku ni Bara la Asia, si Afrika. Mtama ndio ulio mwenyeji hapa kwetu, nayo mahindi yalitoka Amerika. Basi mama wa Kisukuma awatupiapo kuku wake konzi ya mtama na mahindi, pande tatu za dunia zimekutana uani pake.

Kiswahili kina utajiri wa majina ya kuku ambao vijana wetu wanaanza kuusahau. Aliye mdogo ni kifaranga. Jike aliyekwisha kukua, naye hajataga, ni tembe. Akianza kutaga ni mtetea, kwa sababu hutetea, yaani hulia kwa sauti ile ya kutangaza yai. Na aliye mama wa vifaranga ni koo. Dume kijana ni pora, na aliyekomaa ni jogoo au jimbi. Majina haya si mapambo tu. Kila moja laonyesha umri, na kila umri una chakula chake, kama tutakavyoona.

Tena kuna maneno ya uchachu. Kitu kikiwa kikali kwa kukaa, twasema kimechacha au kimechachuka. Kile kinachokichachusha ni chachu. Nafaka iliyooteshwa kwa ajili ya pombe ni kimea, neno litokalo katika kumea. Na mabaki ya pombe baada ya kukamuliwa na kuchujwa huitwa machicha. Mtu aweza kudhani ya kuwa machicha na kuchacha ni neno moja, kwa kuwa yasikika karibu. Sisi hatuthubutu kusema hivyo, maana watu wa pwani husema pia machicha ya nazi, na nazi iliyokunwa sasa hivi na kukamuliwa tui haina uchachu wo wote. Maana ya machicha basi ni kile kinachobaki baada ya kukamua. Yafaa mwalimu aangalie tofauti hii, kwa kuwa katika jambo la kuku kilichochacha na kilichobaki si kitu kimoja.

MACHICHA NA DESTURI YA NYUMBANI

Katika Usukuma ng'ombe ni mali ya wanaume, na habari zake huzungumzwa barazani. Kuku aghalabu ni wa mama na watoto. Mgeni akija, kuku huchinjwa. Mtoto akipungukiwa na daftari au sare, kuku huuzwa. Hata katika uaguzi wa jadi wako wafumu waliomchinja kuku na kuyasoma matumbo yake. Kwa hiyo mnyama huyu mdogo amefungamana na mambo makubwa ya nyumba, ijapokuwa hakuna ahesabuye mali yake kwa kuku.

Chakula chake kilikuwa kile akitafutacho mwenyewe: wadudu, majani, punje zilizomwagika kinuni, na makoko ya ugali. Zaidi ya hayo, pombe ilipopikwa, machicha yalimwagwa uani, nao kuku wakayakimbilia. Pombe ya mtama au ya uwele, ambayo Wasukuma huiita walwa, huacha machicha mengi. Wanga wa nafaka umekwisha kugeuka sukari na kileo, umekwenda na wanywaji. Yaliyobaki ni makapi pamoja na sehemu kubwa ya protini. Ndiyo maana machicha huwafaa mitetea kuliko pumba tupu, na ndiyo maana hata viwanda vya bia huuza machicha yao kwa wafugaji.

Hapa pana jambo litupasalo kulisema wazi. Nyumba nyingi za Wakristo ziliacha kupika pombe, na kwa sababu njema. Lakini nyumba isiyopika pombe haina machicha, na mama aliyekuwa akiwalisha kuku wake uchachu pasipo kujua jina lake, aliuacha uchachu pamoja na mtungi. Wengine wamekata neno ya kuwa chakula kilichochacha ni kitu cha walevi, wala hakifai katika ua wa mwalimu. Sivyo. Uchachu unaomfaa kuku si ule wa kileo, wala hauhitaji pombe. Ni jamaa ya uchachu wa maziwa mgando, wa togwa, na wa uji mkali anaonyweshwa mgonjwa. Tena watu wa Ukerewe na wa pwani zote za Ziwa huujua katika muhogo, maana udaga hupatikana kwa kuuvundika muhogo mchungu hata sumu yake ipungue. Sanaa hii basi ni ya nyumbani kwetu. Kinachotakiwa ni kuihamisha kutoka mtungi wa pombe na kuiweka katika ndoo ya kuku.

NAFAKA HUCHACHUKA NAMNA GANI

Kila punje ya nafaka huchukua juu ya ganda lake vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Wako wa namna nyingi: wako bakteria waletao uchachu wa maziwa, wako hamira waletao kileo, wako wale waozeshao, na iko mbegu ya kuvu. Ukiifunika nafaka kwa maji unaizuilia hewa. Kuvu hutaka hewa, kwa hiyo hushindwa. Bakteria wa maziwa huweza kuishi pasipo hewa, nao hula sukari na kutoa tindikali. Tindikali ikizidi, wale waozeshao hudhoofika, na wengine hufa. Wataalamu hupima ukali huo kwa kipimo kiitwacho pH. Ukishuka hata karibu ya 4, vijidudu viletavyo kuhara, kama Salmonella, hupata shida kubwa kuongezeka. Huko Uholanzi, mwanzoni mwa karne hii ya 21, wataalamu waliwalisha kuku chakula kilichochachushwa, wakaona ya kuwa Salmonella aliwashika kwa shida kuliko wale waliolishwa chakula kikavu.

Faida ya pili ni ya chakula chenyewe. Sehemu kubwa ya fosforasi iliyomo katika nafaka imefungwa katika kitu kiitwacho fitati, na tumbo la kuku haliwezi kuifungua vizuri. Nafaka ikilowekwa na kuchacha, kifungo hicho hulegea. Kadhalika mtama mwekundu una tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi. Tanini huishika protini isimfaidie mlaji. Mkulima huupenda mtama huo kwa kuwa ndege wa porini hawaupendi, na kuku naye ni ndege. Kuloweka na kuchachusha hupunguza ukakasi huo.

Lakini tusiseme zaidi ya kweli. Wako wasemao ya kuwa nafaka iliyochachuka huongezeka mara mbili, hata gunia moja likawa mawili. Kilichoongezeka ni maji. Uzito wa nafaka kavu haupandi, bali hupungua kidogo, maana bakteria nao wamekula. Faida ni kwamba kuku hupata zaidi katika kile alicholishwa, wala hatupi vumbi na chenga nyingi chini kama alavyo kikavu. Mtu anayetaka gunia la pili sharti alilime.

Basi kazi yenyewe ni hii. Twaa chombo cha udongo, cha mbao au cha plastiki, kilichooshwa. Usitumie bati wala chuma, kwa kuwa tindikali hula chuma. Tia nafaka iliyopondwa kidogo, mtama au mahindi au chenga za mchele, pamoja na pumba. Kwa kila kilo 1 mimina maji safi kiasi cha lita 1 na nusu, ukiangalia ya kuwa maji yamepita juu ya nafaka kwa upana wa vidole vitatu. Nafaka itavimba, ikitokeza juu, ongeza maji. Kama maji ni ya bomba yenye dawa, yaache wazi usiku mmoja kwanza, kwa sababu dawa iuayo vijidudu vibaya huua na vizuri. Funika kwa kitambaa, usikaze kifuniko, kwa maana hewa ya uchachu hutafuta njia ya kutoka. Koroga asubuhi na jioni.

Siku ya pili au ya tatu utaona mapovu, na harufu itakuwa kali na safi, kama ya maziwa mgando. Hapo ni tayari. Chuja, uwape kuku, na maji yale makali usiyamwage yote. Kikombe kimoja kikitiwa katika chombo kipya huwa chachu, na chakula cha pili huwahi kuliko cha kwanza. Mwenye vyombo vitatu apange hivi: kila siku kimoja hulishwa, huoshwa na kujazwa upya, na viwili vinangoja. Hivyo hakosi chakula hata siku moja, wala hakuna chombo kinachokaa mpaka kioze.

Na kiasi? Kuku wa kienyeji atembeaye na kujitafutia hutosheka na nyongeza ya gramu 30 hata 50 za nafaka kavu kwa siku. Kuku 10 basi wataka kiasi cha gramu 400, yaani vikombe viwili vikubwa kabla ya kulowekwa. Kuku wa kisasa wa mayai, afungiwaye ndani, hula gramu 100 hata 120 kwa siku, na huyo hawezi kuishi kwa nafaka peke yake, chachu au si chachu. Chakula kiwekwe katika kihori safi, kile wawezacho kukimaliza upesi. Kinachobaki kiondolewe kabla jua halijawa kali.

MAJIRA YA MWAKA

Uso wa Ziwa uko kiasi cha mita 1,135 juu ya bahari. Kwa hiyo Mwanza, ijapokuwa iko karibu na ikweta, haina joto la pwani ya Bahari ya Hindi. Mchana kuna joto la kadiri, na usiku wa kiangazi hupoa. Uchachu hufuata joto. Mtu atakaye kanuni moja ya mwaka mzima atapata chakula kibichi katika Julai na kilichooza katika Februari.

Mvua za kwanza huanza katika Oktoba na kuendelea hata Desemba. Majani huchipuka, kumbikumbi huruka jioni baada ya mvua, nao kuku hula protini bure. Lakini ndio wakati wa kupanda, na kuku mmoja huweza kufukua mbegu za mistari mingi kabla mwenye shamba hajaamka. Ugomvi mwingi wa majirani umeanzia hapo. Mwenye adabu huwafungia kuku wake mpaka mimea ishike, na mwenye kufungia sharti alishe. Wakati huo chombo cha uchachu ni msaada mkubwa. Wape pamoja na majani yaliyokatwakatwa, kwa kuwa aliyefungiwa hayapati.

Januari na Februari mvua hupungua, ghala zinakaribia sakafu, na mavuno mapya hayajafika. Hapo swali si la kuku tena. Ni la watu. Je, yafaa kumwagia kuku mahindi ambayo watoto wangeyala? Sisi twasema hapana. Katika miezi hiyo usichachushe nafaka nzima, bali chachusha vile ambavyo mtu havili: pumba za mahindi, pumba laini za mpunga, chenga chafu, na vumbi la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Hapa ndipo faida ya uchachu inapoonekana zaidi, kwa sababu vyakula hivi hafifu ndivyo vyenye fitati na makapi mengi. Na mwenye kuku wengi kupita chakula chake auze baadhi mapema, kabla hawajakonda na bei yao kukonda pamoja nao. Joto la miezi hii huharakisha uchachu; siku moja na nusu yaweza kutosha.

Masika, Machi hata Mei, ni wakati wa unyevu. Kuvu huota juu ya kila kitu. Dagaa, ambao wavuvi huwavua usiku wa giza kwa mwanga wa taa na kuwaanika mchangani, hawakauki vizuri. Wengi huharibika na kuuzwa rahisi kwa chakula cha mifugo. Mnunuzi aangalie: dagaa wenye mchanga mwingi ni uzito wa bure, na waliooza hawatengenezwi na uchachu. Dagaa wazuri, wakavu, wapondwe na kutiwa juu ya chakula wakati wa kulisha, wasichachushwe pamoja na nafaka. Sehemu moja kwa sehemu tisa za nafaka yatosha. Wakizidi, yai na nyama hunuka samaki. Vifaranga katika masika hufa kwa baridi na kwa kuhara damu. Wapewe uchachu kidogo, uliochujwa sana, mahali pakavu, na kihori chao kioshwe kila siku. Maana chakula chenye majimaji kikimwagika katika matandiko huongeza unyevu ule ule unaowaua.

Baada ya Mei huja mavuno. Punje zimetapakaa kwenye viwanja vya kupuria, mpunga wa majaruba umeletwa nyumbani, na kuku hujilisha wenyewe. Ndio wakati wa ngoma. Bagika na Bagalu hushindana, na huko Bujora sikukuu ya Bulabo huwakusanya watu katika Juni. Palipo na ngoma pana pombe, na palipo na pombe pana machicha. Asiyeipika aweza kuomba machicha kwa jirani. Machicha hayana dhambi. Lakini yakamuliwe na kuanikwa juani juu ya mkeka siku moja kwanza, kwa kuwa kuku naye hulewa, na kuku mlevi ni riziki ya kicheche. Yasizidi robo ya chakula, kwa ajili ya makapi yake mengi. Machicha ya gongo yasiguswe kabisa, maana hajulikani aliyoyatia mpikaji. Usiku wa Juni na Julai hupoa. Chombo kikae karibu na mafiga, na kipewe siku tatu kamili.

Agosti na Septemba nchi imekauka. Hakuna wadudu, hakuna majani, na kuku hutembea mbali kwa chakula kidogo. Nafaka ipo ghalani, kwa hiyo ndio wakati wa kulisha kwa ukarimu wa kadiri. Chakula kilichochachuka kina maji ndani yake, nacho humsaidia kuku siku za vumbi. Siku hizi ndizo za kuandaa matembe, ili wawe na nguvu za kutaga mvua zitakaporudi. Wapewe na maganda ya mayai yaliyochomwa na kusagwa, au magamba ya konokono yaokotwayo ufukweni, kwa ajili ya chokaa.

MAMBO YA KUANGALIWA SANA

La kwanza ni tofauti ya kuchacha na kuoza. Utando mweupe mwembamba juu ya maji si hatari, ukoroge tu. Lakini manyoya ya kijani, meusi au mekundu, au harufu ya mzoga, ni alama ya kumwaga vyote na kuosha chombo kwa maji ya moto.

La pili ni zito zaidi. Watu wengi husema, "Mahindi haya yameota kuvu, hayafai kwa ugali, basi tuwape kuku." Wengine huongeza, "Tuyachachushe, uchachu utayasafisha." Maneno hayo yana mauti ndani yake. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na wataalamu walipochunguza waliona ya kuwa sababu ni karanga zenye kuvu zilizotiwa katika chakula chao. Ndipo ilipojulikana sumu ambayo leo twaiita sumukuvu. Sumu hiyo haionekani, haiondoki kwa kupikwa, na uchachu hauwezi kutegemewa kuiondoa. Huharibu ini. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa mahindi. Kuku akilishwa nafaka hiyo, sehemu ya sumu yaweza kupita katika ini lake na yai lake na kurudi mezani kwetu. Basi nafaka yenye kuvu isilishwe mtu wala mnyama. Dawa yake ni kuanika juu ya turubai na si juu ya udongo, na kuweka ghalani nafaka kavu tu.

La tatu, kimea. Machipukizi ya mtama mchanga yana sumu jamaa ya ile ya muhogo mchungu. Wapika pombe wa zamani hukikausha kimea na kuyapukusa machipukizi na vijizizi kabla ya kusaga; mfugaji naye afanye vivyo hivyo, wala asiwape kuku mtama ulioota majani. Maganda mabichi ya muhogo mchungu yasitupwe uani.

La nne, mashudu. Mashudu ya alizeti ni mazuri. Mashudu ya pamba, yapatikanayo kwetu kwa wingi, yana kitu kiitwacho gosipoli, ambacho hudhuru kuku kikizidi na kukigeuza rangi kiini cha yai. Mitetea wasipewe.

La tano ni kideri, ambacho wengine huita mdondo. Aghalabu huingia vijijini wakati wa ukavu, na kikipita katika kuku wasiochanjwa huweza kuua karibu wote kwa muda wa siku chache. Wauzaji wa maneno husema ya kuwa kuku alaye uchachu hashikwi na kideri. Si kweli. Kideri ni virusi, na hakuna chakula, wala pilipili, wala majivu, kiwezacho kukizuia. Kinga yake ni chanjo. Chanjo iitwayo I-2, ambayo hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Tone 1 hutiwa katika jicho 1 la kila kuku, mkubwa na mdogo, na kurudiwa kila miezi 3 au 4. Inafaa kijiji kizima kichanje siku moja, kwa maana kuku hawajui mipaka ya nyumba. Mwalimu akiwakusanya watu kwa siku hiyo, amefanya zaidi ya yote tuliyoyaandika hapa.

MANENO YA MWISHO

Mtu aweza kuuliza, "Je, mambo haya madogo yawapasa watu wa elimu?" Twajibu: pima udogo wake kwa jicho la mama mwenye kuku. Kwake yeye, koo aliyelea vifaranga 8 mpaka wakakua ni daftari, ni chumvi, ni nauli ya kwenda hospitali. Na yai apewalo mtoto mdogo wakati wa njaa ya Februari halina mbadala rahisi katika nyumba ile. Akipoteza kuku wake wote kwa kideri au kwa mahindi yenye kuvu, hakuna barazani atakayemwita kumpa pole kama apewavyo aliyefiwa na ng'ombe.

Tena twawaomba wasomaji wetu jambo moja la lugha na desturi. Waulizeni mabibi wa vijiji vyenu waliwalishaje kuku wao, walitumia vyombo gani, walitambuaje kwa pua kilichochacha na kilichooza, na waliyaitaje hayo kwa Kisukuma, Kikerewe, Kizinza, Kijita na Kihaya. Yaandikeni majina hayo pamoja na maana zake, maana wenye kuyajua wanapungua kila mwaka. Nao watakapowaeleza, waelezeni nanyi habari za sumukuvu na za chanjo, ambazo wao hawakuzisikia kwa wazee wao. Ujuzi wao ni wa kweli, lakini ulifika mahali ukasimama. Na ujuzi wetu wa vitabuni, usipokalishwa mekoni pamoja na wao, utabaki vitabuni. Vikikutana viwili hivyo, huenda kuku wa maskini akataga, akaangua na akalea. Na kwa upande wa mwewe, tujengeni banda.